Mabati ya Shule Kwenye Mabanda ya Kuku

Upepo ulikuja Ijumaa alasiri, watoto wakiwa wameshatoka. Uliinua paa la madarasa mawili ukalilaza kwenye shamba la mihogo la shule. Hakuna aliyeumia. Mwalimu mkuu hakuwepo. Alikuwa Kibondo mjini kwenye mkutano, na mkutano wenyewe, tulikuja kujua baadaye, ulikuwa wa mambo ya bima.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti wa kijiji alipuliza filimbi ya msaragambo. Kwetu ndivyo ilivyo: kitu cha wote kikivunjika, kesho yake kila nyumba inatoa mtu, na anayebaki kitandani atasemwa mpaka mavuno. Wanaume walikata miti ya milingoti, wakaondoa kenchi za paa zilizovunjika, wakaifunga ile miti kwa waya mahali pake, wakapigilia tena mabati yaliyopona. Wanawake tulitoa matope madarasani. Kufika saa tisa palikuwa pasafi, kama hapajatokea kitu.

Mabaki nayo yana utaratibu wake. Mbao zilizovunjika ni kuni za wajane. Bati lililochanika ni la mwenye shida nalo. Anayegawa ni mimi, si kwa cheo, ila nakumbuka nani alipata nini mara iliyopita. Nimesoma hadi darasa la pili tu, lakini majina hayanitoki kichwani. Hapa siyaandiki. Wenyewe wapo na kuku wao wapo.

Mwalimu mkuu alirudi Jumapili. Ni mama mmoja mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alishuka kwenye pikipiki akalitazama lile paa, limebonyea katikati kama mgongo wa ng'ombe mzee. Sisi tulisimama tukingoja ahsante.

"Nani kagusa?" akauliza.

"Wote, mwalimu," mwenyekiti akajibu, meno yote nje. "Hata mimi nimepanda juu."

"Jamani. Jamani, jamani!"

Alikaa kwenye ngazi akatueleza. Majengo ya shule sasa yamekatiwa bima ya upepo, mafuriko na tetemeko. Sharti lake ni kwamba likitokea jambo, mtoe taarifa na msiguse chochote mpaka mkaguzi aje aone na kupiga picha. Kisichoonekana hakilipwi. Na bila hiyo bima hakuna mabati mapya, hakuna mbao, hakuna fundi. Alisema hatamwingiza mtoto wa mtu chini ya miti mibichi iliyofungwa kwa waya. Darasa la saba, waliobakiza miezi michache kufanya mtihani, wangesomea kanisani, kwenye mabenchi yasiyo na meza.

Mzee mmoja akauliza, "Yaani mtu aone nyumba imeanguka, akae aiangalie?"

"Ndiyo, babu. Akae aiangalie."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mkaguzi alifika Jumatano kutoka Kasulu, mwanamume mwenye viatu vyeupe, maskini, na matope yale. Alizunguka jengo mara mbili.

"Mimi naona paa," akasema. "Baya, lakini ni paa. Uharibifu uko wapi?"

Mwenyekiti akaninyooshea kidole. "Muulize bibi. Yeye ndiye aliyeugawa."

Nikamwambia anifuate. Nyumba ya kwanza mabati mawili yalikuwa kwenye banda la kuku, ya pili moja lilikuwa limeziba zizi la mbuzi. Yote yalikuwa na mstari wa rangi ya bluu wa shule. Alipima, akapiga picha, kuku wakamzunguka. Nyumba ya nne ni ya mama mmoja aliyekuja na wakimbizi kutoka Burundi akiwa mdogo, siku hizi ni raia kama sisi. Alipoona mgeni ana kamera na makaratasi, akasimama mlangoni mwa jiko lake.

"Hilo bati nililinunua Murungu, sokoni."

"Mwanangu," nikamwambia, "ulilibeba kichwani Jumamosi. Lina matundu mawili. Nikakwambia angalia lisikukate shingo."

"Bibi, unataka nifungwe?"

"Anataka kulipiga picha tu."

"Picha ya bati? Mtu mzima anatembea anapiga picha mabati?"

"Ndiyo kazi niliyosomea, mama," mkaguzi akasema.

Yule mama akacheka, akatupisha.

Mabati tuliyapata yote. Zikabaki mbao. Zilikuwa zimeenda kwa wajane watano, na mimi mmoja wao. Wenzangu wanne walikuwa wameshazipikia. Kwangu vilibaki vipande viwili, vimo kwenye mafiga, maharage juu. Mkaguzi akainama.

"Hii ilikuwa kenchi?"

"Ilikuwa. Sasa inaivisha."

Akapiga picha na sufuria ikiwemo. Akasema majivu hawezi kuyaandika. Nikamwambia aandike basi ninavyomtajia, nani alichukua vipande vingapi, virefu vingapi, vifupi vingapi. Akaandika ukurasa mzima na nusu. Mahali fulani alichanganya mke na wifi yake, nikamrekebisha.

Jibu lilichukua muda. Mwalimu mkuu alilisoma kwenye mkutano wa wazazi. Mabati yamekubaliwa yote, na fundi amekubaliwa. Mbao ni zile mbili zilizoonekana nyumbani kwangu. Orodha ya majina haikukubaliwa, kwa sababu jina la mtu si uharibifu.

Mabati mapya yakaja, yakalazwa ofisini kwa mwalimu mkuu, hayana pa kupigiliwa. Filimbi ikapulizwa tena. Nilitoa mlingoti mmoja ulio nyuma ya choo changu, na wajane wenzangu kila mmoja akatoa alichonacho, mwingine mti, mwingine siku mbili za kupikia wapasua mbao. Fundi alipoziona alisema mbao mbichi hazipandi juu, zingepinda kama ile miti ya kwanza. Zikapangwa kivulini zikauke.

Darasa la saba walifanya mtihani wao kanisani. Paa lilikamilika wiki mbili baada ya wao kumaliza shule, na waliohamia madarasa yale ni wa darasa la sita.