Makande ya Bingwa

Harufu ya makande yanayochemka taratibu, mahindi na maharage yakianza kushikana chunguni, hunirudisha kwenye neno moja nililotamka nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilisema ndiyo. Laiti ningekataa. Nilikubali kula chakula cha mjomba wangu na kumrudishia bibi bakuli, kana kwamba aliyekula ni mjomba.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nasi tuliishi milimani juu ya Same. Mjomba Elieskia, mdogo wake mama, alikuwa bondia. Ngumi alijifunza jeshini, wakati wa vita, akarudi na mkanda wa ubingwa wa uzito mwepesi. Kisha mwili ukajaa, akashuka Tanga, akachukua mkanda wa uzito unaofuata. Watu waliokuwa hawajawahi kuona pambano hata moja walijua namna anavyokwepa, na vijana waliofyeka njia ya mfereji waliigiza mkono wake wa kushoto hadi mzee msimamizi akawafokea.

Sasa aliutaka mkanda wa tatu. Ajabu yake ni kwamba mkanda huo haukuwa juu, ulikuwa chini: uzito wa unyoya, wa wanaume wadogo. Ili aupiganie ilimbidi apungue ratili kumi na sita. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kwetu mtu akifanikiwa hunenepa, na anayekonda hupelekwa hospitali ya misheni au huombewa kanisani. Iweje ukubwa wa mjomba utafutwe kwa kupungua?

Bibi naye hakuelewa, wala hakutaka kueleweshwa. Katika nyumba yake kulikuwa na sheria moja: kurudisha bakuli lenye chakula ni kumwambia aliyepika kwamba una neno naye moyoni. Mjomba alimwogopa mama yake kuliko bondia yeyote. Basi mchana mmoja, bibi alipotutumia makande mgombani tulikokuwa tukikata majani ya ng'ombe, mjomba alilitazama bakuli kwa muda mrefu, akameza mate, akanigeukia.

"Yona, una tumbo?"

"Ninalo, mjomba."

"Basi leo limepata kazi. Ila mama asijue. Akijua atalia, na akilia nitakula."

Nilisema ndiyo, nikala. Nikala kesho yake, na keshokutwa, kwa wiki sita. Mjomba alikaa kando yangu akitafuna kipande cha muwa na kutema hata maji yake. Wakati mwingine aliniuliza kama chumvi imekolea, nami nikamjibu kwa mdomo uliojaa. Nilijiona mtu muhimu. Bibi alipoona bakuli limelambwa alitabasamu na kuongeza kipimo.

Jirani yetu ng'ambo ya mfereji, mjane aliyeitwa Mama Ruthi, alikuwa na macho na pia ulimi. Siku moja alisimama na jembe lake akacheka.

"Mama Elieskia, nyumba yako ina miujiza. Bingwa anakauka, mjukuu anafura."

"Mwache mwanangu," bibi akasema. "Anakula kuliko wanao wote."

Nilijificha nyuma ya bibi. Shati langu lilikuwa limeanza kunibana vifungoni.

Pambano lilifanyika Same, kwenye ghala karibu na stesheni. Asubuhi walimpima mjomba kwenye mizani ya magunia, kifua wazi, mbavu zikihesabika. Alipita. Mchana akapanda ulingoni. Raundi za mwanzo alikuwa yuleyule aliyesimuliwa. Baadaye miguu ikawa mizito, na ngumi alizozoea kuzikwepa zikaanza kumkuta kichwani, moja baada ya nyingine. Hata hivyo hakuanguka. Waamuzi wakahesabu pointi, wakampa ushindi. Mikanda mitatu, uzito tofauti. Hakuna mtu wa milima yetu aliyewahi kufika hapo.

Tulipanda mlima tukiimba, naye amebebwa mabegani. Njiani aliinama akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Huu msiba ni wa nani?"

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Siku ya tatu alimsahau hata bibi. Kwenye hospitali ya misheni daktari aliuliza kama mgonjwa alikuwa amejinyima chakula au maji kabla ya pambano, maana kichwa cha mtu aliyekauka hakistahimili ngumi. Bibi akaapa kwa jina la Mungu kwamba mwanawe alikula, mabakuli yote yalirudi matupu. Nilisimama hapohapo, nimeshika upindo wa khanga yake. Daktari alinitazama. Nikatazama sakafu.

Tulipokuwa tukirudi bibi alikuwa ameshapata jibu lake. Mtu aliyekula namna ile hawezi kuvunjwa na ngumi tu, alisema. Amefanyiwa jambo, na aliyesema mwanangu anakauka ndiye aliyemkausha. Tangu hapo hakumsalimia Mama Ruthi. Zamu ya maji ikawa ugomvi, kanisani wakakaa mbalimbali, na mwishowe mjane yule akahamia tambarare, Ndungu, na watoto wake.

Hadi leo wazee wa Same humsimulia bingwa wa uzito wa aina tatu aliyelogwa kwa wivu. Vijana wanaojifunza ngumi hutaja jina lake kabla ya kupigana. Nimesikiliza hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara nimenyamaza, kwanza kwa woga wa mtoto, baadaye kwa aibu ya mtu mzima, ambayo haina hata kisingizio.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mjomba alikuwa amebakiwa na kinga moja tu, machozi ya mama yake, na kwamba mimi ndiye niliyemwondolea. Aliishi miaka kumi na minane baada ya ushindi ule bila kulijua jina langu. Bibi alikufa akimchukia mwanamke aliyesema kweli. Wote wawili niliwapenda, na wote wawili niliwapoteza kwa sababu nilikubali.