Fulana Nyeusi ya Gaspari

Nakumbuka siku moja ya mavuno ya mahindi, mwanangu, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika sokoni Songea na kila kijana akavaa alichotaka. Gaspari, fundi redio wa Mshangano, alikuja kwetu Mpitimbi kujitambulisha. Nilikuwa nimemsihi avae shati jeupe. Akaja na fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa kifuani, nywele zimefika mabegani, redio kaseti kwapani.

Nilitamani ardhi inimeze. Mjini walisema vijana wa muziki wa roki huvuta bangi na kuabudu shetani. Na Gaspari, ee mwanangu, hata bia moja ilimpa usingizi!

Shangazi akafanya ishara ya msalaba. "Huyu? Atamlisha mtoto wetu mafuvu!"

Kwetu shangazi akikataa, posa imekufa. Babu peke yake ndiye awezaye kuifufua. Na babu yangu, kwa utani wa babu na mjukuu, aliniita mke wake.

"Shikamoo, babu," Gaspari akasema, akipiga goti.

"Marahaba. Kumbe ndiwe unayetaka kuniibia mke? Hebu washa hiyo kelele yako."

Gitaa likanguruma, kuku wakatawanyika. Babu akasikiliza, kichwa ameinamisha. Mara mguu wake ukaanza kugonga ardhi. Akainuka, akainama, akakanyaga kwa kishindo kama wachezavyo lizombe, ngoma yetu sisi Wangoni. Gaspari akamfuata. Vumbi likatimka.

"Nilipomposa mama yako," babu akamwambia shangazi, akihema, "walisema mcheza lizombe ni mpagani, atamlaza mkewe njaa. Wewe ulilala njaa lini?"

Shangazi akaangua kicheko. "Haya, lakini harusini avae shati!"

Alivaa. Ila padri alipotufungisha ndoa, nililiona lile fuvu likichungulia chini ya shati jeupe.

Gaspari ametangulia sasa. Fulana yake imebaki kitambaa cha kufutia vumbi redio yake. Hakutulaza njaa hata siku moja.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nami naongeza, mwanangu, kwamba nyuma ya fuvu la fulana huweza kudunda moyo mwema. Usimhukumu mtu kwa muziki usiouelewa. Keti naye kwanza, usikilize. Mungu akupe macho yanayopenya nguo, na nyumba yako isikose mlo wala ngoma.