Friji ya Maziwa ya Jumamosi

Nilitoka Lodwar alfajiri, chupa ya chai ikiwa imefungwa kwa mkanda kwenye kiti cha abiria kama mtu. Ndani yake hakukuwa na chai. Kulikuwa na barafu niliyoinunua kwa wachuuzi wa samaki, na katikati ya barafu kopo dogo lililozungushiwa kitambaa, lenye insulini yangu. Dawa hiyo haitaki joto, na haitaki kuganda pia, kwa hiyo niliendesha kama aliyebeba mayai. Kitale nilimwaga maji na kuomba barafu nyingine kwa muuza nyama. Nandi Hills mvua ilinikuta na kunisindikiza hadi Kericho. Nilipoingia Boito, nyumbani kwetu, jioni ya siku ya pili, barafu ilikuwa imekwisha na maji yaliyobaki yalinuka sangara.

Dada yangu mkubwa alifungua mlango wa gari. Hakuniuliza habari za njiani. Alifungua chupa, akanusa.

"Hii ndiyo hospitali yako?"

Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali miaka miwili. Nilikuwa nimenunua gari kuukuu lililokuwa likibeba mikate, na kidogo kidogo nikaligeuza nyumba: kitanda, jiko, rafu, tangi la maji. Kilichokosekana ni friji tu, na sasa, baada ya daktari kunipima sukari, friji ndiyo ingeamua kama nitaendelea na safari au nitabaki. Dada hakuwa na shaka. Sukari ilimchukua mama yetu katika nyumba ileile anayoishi, na dada ndiye aliyemshika mkono.

"Kaa hapa," alisema. "Dispensari iko hapo chini. Baridi ya hapa ni ya bure."

Aliizika dawa yangu katika chungu cha mchanga uliolowa, pembeni mwa jiko lake, na kusema kweli ilikaa baridi vizuri. Lakini chungu hakisafiri, tena kwenye joto la Lodwar kingeshindwa. Nikamwambia nitatafuta friji.

"Friji ya kunifanya nikuache uende haijatengenezwa," akajibu.

Kericho mjini nilimpata mfanyabiashara mmoja, mtu wa Murang'a, aliyeuza vyombo vya mitumba. "Kastoma, chukua hii ya gesi. Haili betri. Moto kidogo tu, baridi mpaka utavaa sweta." Moto wa kuleta baridi! Mimi niliyependa somo la sayansi shuleni nisingeweza kuiacha. Niliifunga garini kwa siku moja, nikatia maziwa ya jioni, nikalala kwa fahari. Asubuhi yalikuwa yamechacha na kuganda.

Dada aliyakoroga kwa kijiko, akaita jirani aje aone. "Ndugu yangu ametuletea sotet ya chuma! Mursik imeiva na hata mkaa hakutia." Sotet ni kile kibuyu tunachokipaka mkaa ndani na kugandishia maziwa yawe mursik, na kicheko cha jirani kilisikika mpaka ng'ambo ya majani chai.

Nilikagua bomba, nikabadilisha mtungi. Siku ya tatu ndipo nilipoweka pima maji ya mwashi kwenye sakafu ya friji, na kiputo chake kikakimbilia ukingoni. Friji ya gesi lazima isimame sawa, maana kinachopoza hutiririka chenyewe kwenye mabomba yake. Mfanyabiashara alikuwa amenitajia, nami nikaitikia kwamba kwetu ni sawa kabisa. Sikudanganya. Aliyezaliwa kwenye mteremko huona ndio tambarare. Pale nyumbani hata ng'ombe hulala kwa kujipanga, na mimi nilitembea ule uwanja utoto wangu wote bila kujua kwamba naupanda.

Nikaweka mawe manne chini ya magurudumu ya upande wa bondeni, kiputo kikatulia katikati, na friji ikapoza. Dada alikuja, akayatazama mawe badala ya friji.

"Na haya utayabeba mpaka Lodwar? Kila ukisimama, wenzako watapika ugali na wewe utakuwa unatafuta mawe?"

Alinishika pabaya. Niliirudisha friji Kericho.

"Bosi, kwetu Konoin yote ni mlima," nilimwambia yule mfanyabiashara.

"Si ulisema kwenu ni sawa?"

Tulicheka wote wawili, akanibadilishia. Safari hii nilichagua ndogo, ya kompresa, yenye mfuniko juu kama sanduku ili baridi isimwagike ukifungua. Hiyo haijali mteremko, ila inakula betri, na jua la kwetu huenda nyumbani saa saba mchana kumwachia mvua zamu. Kwa hiyo niliongeza paneli ya pili juu ya paa na betri ya pili inayochajiwa na injini. Friji yenyewe nikaivika sponji ngumu pande zote, isipokuwa upande wa mota, ipate kupumua. Kila waya niliuvuta mwenyewe. Hakuna fundi aliyegusa.

Dada akapanga mtihani. Jumapili gari la maziwa haliji, kwa hiyo maziwa ya Jumamosi jioni huishia kibuyuni siku zote.

"Karani wa maziwa akiyapokea Jumatatu kutoka friji yako, nitakufungulia geti mimi mwenyewe. Na usiwashe injini."

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kanisani mhubiri alisema mengi, mimi nikawaza betri. Nilimwona dada naye akichungulia dirishani, na uso wake haukuwa wa mtu anayeomba jua.

Jumatatu karani alichota maziwa kidogo, akachanganya na spiriti, akatikisa. Kama yangekuwa yameanza kuharibika yangefanya madonge palepale. Yakabaki laini. Akarudia.

"Haya ni ya leo, mama."

"Ya Jumamosi."

"Usinicheze asubuhi hii."

"Muulize huyu." Dada alininyooshea kidole mbele ya foleni nzima. "Ni ndugu yangu. Ndiye ametengeneza."

Kwa miaka yote hiyo, kwa watu wa pale nilikuwa yule wetu anayezurura. Nilisimama na mkebe tupu wa maziwa mkononi nikijiona mrefu kuliko nguzo ya stima. Tulipanda mlima mpaka karibu na nyumbani.

"Betri imebaki ngapi?" akauliza.

"Zaidi ya nusu."

"Mh."

Niliondoka Alhamisi, na tangu siku hiyo sijarudi kuishi Boito. Dada alitoa kopo la insulini chunguni, akalipangusa mchanga, akaliweka ndani ya friji kwa mkono wake, mbali na ule upande unaogandisha, kama nilivyomwonyesha. Alisimama pale akitazama kipimajoto mpaka akaridhika. Kisha akachukua ile chupa kwenye kiti cha abiria.

"Hii inabaki. Nitaiosha hata mara kumi, nitilie chai."

Akafungua geti. Akarudi nyuma ya gari, akainama, akatoa lile jiwe la mwisho lililokuwa limezuia gurudumu na kulikumbatia kifuani.

"Basi teremka," akasema.