Miaka Ishirini na Moja kwa Jina la Gaspard

Kiwandani walimwita Gaspard, naye alikuwa ameitika jina hilo kwa miaka ishirini na moja, mpaka hata mkewe Adeline alikuwa akijisahau. Jina lake hasa ni Liévin. Gaspard alikuwa kaka yake, mvuvi wa Tchomia, na kadi ya utambulisho ya Gaspard ndiyo iliyompatia kazi ya kupika sabuni hapa Bunia, mwaka ule alipokimbia vita kutoka Kpandroma na shati moja mwilini huku karatasi zake zote zikiungua nyumbani. Kiwanda kilitaka mtu mwenye kadi, na ndugu hao walifanana. Nani angemlaumu?

Alipopokea mshahara wa kwanza, alimwendea Nadège, mhasibu, macho yamemtoka. Mbona pesa zimekatwa mara mbili?

"Hii ya kwanza ni kodi ya Leta, ya serikali, hautaiona tena," Nadège akamwambia, kidole juu ya karatasi. "Hii ya pili ni ya pensheni. Patron naye anaongeza yake. Yote inaandikwa kwa jina yako. Ukizeeka, itakurudilia."

"Na kama miye sitaki?"

"Hakuna mutu anakuuliza kama unataka. Ile nayo ni kodi, papa Gaspard. Ila iko na jina yako juu."

Liévin alicheka, akarudi kwenye mapipa yake. Jina! Siku ile hakuona ubaya wowote. Soda kali ya kupikia sabuni ilimla vidole, mwezi baada ya mwezi wakamkata mshahara, na kila alipokatwa alimwambia Adeline kwamba uzeeni hawatamwomba mtoto yeyote pesa ya unga.

Kisha, miaka miwili iliyopita, Gaspard akafa kwa homa ya siku tatu. Liévin alilia kwa uchungu wa kweli. Lakini kabla mikeka ya msiba haijakunjwa, alimvuta kando mjane, Véronique, akamsihi asiandikishe kifo hicho popote. Kaka akifa kwenye karatasi, nani ataingia kiwandani Jumatatu? Aibu ilioje, kumwomba mjane jambo kama hilo! Véronique aliitikia kwa kichwa, akarudi kukausha samaki wake na kulea watoto watatu peke yake.

Mwaka huu umri ulioandikwa kwenye kadi ukatimia miaka sitini, umri wa kustaafu. Liévin, mwenye hamsini na sita, akapeleka karatasi zake kwenye ofisi ya pensheni. Karani, kijana aitwaye Fiston, akatazama kwenye mashine: michango yote imo. Kilichobaki ni mke aliyeandikwa, Véronique, aje kutia sahihi.

Liévin akamleta kutoka Tchomia kwa pikipiki. Mlangoni akamnong'oneza, "Utasema ndiyo tu, shemeki. Tutagawana."

"Mama, huyu ni bwana yako?" Fiston akauliza.

"Bwana yangu iko mu udongo ya Tchomia," akasema. "Huyu ni mudogo wake. Ni yeye alitumika kazi kule kiwandani."

Fiston aliuliza tarehe ya kifo, akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo marehemu alilipa miezi makumi mbili na mbili akiwa mu kaburi?" Akaeleza polepole kwamba michango ya Gaspard ni ya Gaspard, na baada ya uchunguzi ni haki ya mjane wake na watoto.

"Na weye, papa, jina yako ni nani?"

"Liévin." Hakuwa amelitamka katika ofisi yoyote tangu alipokimbia vita. Fiston akaliandika kwenye mashine, akangoja, akaliandika tena, kisha akatikisa kichwa: halimo.

Nje, Véronique alikuwa akilia. "Unisamehe, shemeki. Nililia bwana yangu siku tatu, kisha miaka mbili nikakatazwa kusema alikufa. Sikuweza tena."

Liévin alitaka kumtukana. Alikuwa na hasira ya kutosha, tena tusi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliyemnyima mama huyu ujane wake ni nani, kama si yeye mwenyewe? Akamwitia pikipiki, akamlipia nauli.

Nyumbani Adeline alikuwa akipepea makaa. Alipomwona tu, akasimama.

"Banasema nini?"

Liévin akaketi, akaitazama mikono yake.

"Banasema sijatumika hata siku moya."