Naona Huna Mzigo

Kwetu Uluguruni mtoto ni wa mjomba. Baba atamlisha, atamsomesha na kumchapa, lakini siku ya kumtafutia mke macho yote humgeukia mjomba, naye hana pa kujificha. Ndivyo yalivyonifika mimi mvua za Februari. Mpwa wangu Titus, mwalimu wa sekondari mjini Tabora, alinipigia simu akasema amempata mwenzake. Anaitwa Kabula, naye ni mwalimu, binti wa Kisukuma kutoka Choma, wilaya ya Igunga. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Shija, ambaye alikwisha kumkataa mposaji mmoja mwenye mali zake, eti kwa sababu hakupendezwa na mjumbe aliyeletwa.

"Mjomba, yule mzee hamwangalii kijana, anamwangalia aliyetumwa," Titus alisema. "Asipokupenda wewe, mimi basi tena."

Sasa, mimi ni fundi cherehani wa Morogoro mjini, na kama kuna kitu nisichokiweza duniani ni mizigo. Nikimwona mtu anakwenda kusalimia tu na sanduku la kuhamia, hasira hunipanda mimi nisiyehusika. Titus alinieleza mambo ya njiani: baridi ya alfajiri ndani ya treni, jua la Tabora, mvua ya Bukene, tope la Choma, na humo katikati kuna misa, kuna shamba, kuna ukwe. Mtu mwingine angefungasha nyumba nzima. Mimi niliketi kwenye cherehani nikashona kaunda suti ya pande mbili: nje kaki kwa ajili ya njia, ndani buluu iliyokolea kwa ajili ya wakwe, mifuko huku na mifuko kule. Nilipoimaliza niliivaa nikajizungusha mbele ya kioo, nikaigeuza, nikajizungusha tena. Halafu nikachukua kibegi kidogo cha mgongoni, cha kumtosha mtoto wa chekechea, nikatia kikoi (hicho ni taulo, shuka na pazia la kubadilishia nguo), shati, sabuni, mswaki, rozari, sindano na uzi. Basi.

Dada yangu Koleta, mama yake Titus, alikuja na kiroba cha magimbi, ndizi na viungo vya shambani kwake, na juu yake mkeka.

"Utaingiaje ukweni unaning'iniza mikono kama mtu aliyetoka kuoga?" aliuliza.

Nilimwambia sawa, nitabeba. Alipotoka, nilichomoa kipakiti cha iliki na pilipili manga nikakitia kwenye kibegi, kile kiroba nikakisukuma nyuma ya mlango.

Stesheni ya Morogoro, jioni, niliwapita watu wanasukumana na magunia, mabeseni na magodoro, nikapanda treni ya zamani ya kwenda bara nikiwa nimenyooka kama askari wa gwaride. Niliwaonea huruma. Kabla sijakaa vizuri, mama mmoja aliyezungukwa na vifurushi vyake alinitazama juu mpaka chini.

"Baba, naona huna mzigo," akasema. "Hebu nishikie huyu."

Akanipa mtoto. Alikuwa mtoto mnene, mwenye afya njema na usingizi mzito, na nilikuwa naye mapajani mpaka Saranda, mama yake alipoamka kununua kuku wa kukaanga. Sikulitilia maanani jambo lile, nami nasema wazi kwamba hapo ndipo ningepaswa kuelewa.

Tabora, Titus alinipokea stesheni huku akichungulia nyuma yangu.

"Shikamoo mjomba. Umeibiwa?"

"Marahaba. Nani kaibiwa? Huu ndio usafiri wa kisasa."

Aliguna tu. Mchana jua liliwaka sawasawa, nikavua koti nikalitundika begani upande wa kaki, nikaona hesabu zangu zinakwenda vizuri. Titus alinipeleka Kwihara kuona njia ya misafara ya zamani. Akanieleza jinsi wapagazi wa Kinyamwezi walivyokuwa wakitoka huku na pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, kisha wakarudi na majora ya nguo na shanga. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema watu wale walikosa mtu wa kuwashauri.

Jumapili, baada ya misa, Titus alifanya kosa la kunitambulisha kwa watu pale nje ya kanisa: huyu ni mjomba wangu, anakwenda Choma, atarudi nyumbani kwa kupitia Igunga. Mama mwenye nyumba wake alikuwa wa kwanza.

"Karibu sana Tabora, baba. Naona huna mzigo. Nina kindoo kidogo cha asali, dada yangu yuko Igunga mjini."

Kindoo chenyewe kilikuwa ndoo. Baada yake akaja mwalimu wa kwaya na jora zima la kitambaa cha zambarau, sare ya wanakwaya wenzao wa Igunga. Mwisho alikuja fundi mmoja, amesikia kuna fundi mwenzake, akaniletea kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye gunia, kakitengeneza cha rafiki yake wa huko huko. Ndugu zangu, kukataa ndoo naweza. Lakini fundi amkatalie fundi cherehani? Nilikipokea kwa mikono miwili, na mgongo ukalalamika papo hapo.

Bukene, nilishuka kwenye treni ya Mwanza mvua ikinyesha, ndoo mkono huu, jora bega lile, cherehani kichwani. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekubali kuwa mshenga wetu kwa sababu anafahamiana na Mzee Shija toka ujana wao. Sasa, Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wetu sisi Waluguru tangu hiyo hiyo misafara. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, hata kuchukua kitu chako, na wewe ukinuna ndiye mwenye makosa. Mzee Maganga aliponiona alishika nguzo ya stesheni asianguke kwa kicheko.

"Njooni muone! Mluguru kawa mpagazi! Babu zetu walibeba mizigo ya watu wa pwani mpaka shingo zikaingia ndani. Leo Mungu kajibu!"

"Shikamoo mzee," nilisema chini ya cherehani.

"Marahaba, mpagazi. Usitue, nyumbani ni mbali kidogo."

Alisema hawezi kuondoka mpaka majaruba yake ya mpunga yapandwe, kwa hiyo kesho yake nilikunja suruali, upande wa kaki, nikainama kwenye maji ya tope na familia yake kuchomeka miche. Mkewe alinisifu kwamba napanda kwa mstari ulionyooka. Nikamwambia ni mazoea ya kushona. Jioni mfuko mmoja wa kaki ulikuwa na chura.

Siku ya kuondoka Bukene, Mzee Maganga alitoka ndani amejiandaa kama anahama. Alikuwa na blanketi, mabuti ya mvua, kigoda chake cha kukalia, birika na mwavuli. Mwavuli aliushika mwenyewe.

"Mtani, mimi mzee, na wewe naona huna mzigo."

"Sina mzigo? Na hivi ni nini?"

"Hivyo ni vya watu. Vyako wewe ni hicho kibegi tu."

Nikajitwika na vyake. Jirani yake naye akatokea na jogoo wa bintiye aliyeolewa Igunga.

Tukapanda lori la mpunga mpaka karibu na Choma, kisha dereva wa bodaboda akatazama lile tope jeusi la mbugani, akatutazama sisi, akawasha pikipiki yake akaondoka peke yake. Tukatembea. Mzee Maganga alitangulia chini ya mwavuli akiwaambia wafugaji tuliopishana nao, "Pisheni, msafara wa Morogoro unapita!" Mimi nilifuata nyuma nikizama na kuchomoka, jogoo akiniwikia sikioni. Nilikuwa na hasira na kila mtu: kwaya, nyuki, na Titus ambaye hakuona wasichana wote wa Tabora mjini mpaka akampenda wa Choma. Tena niliogopa. Mjumbe wa kwanza alikataliwa, naye nina hakika alifika msafi.

Choma, karibu na nyumbani kwa Mzee Shija, niliingia nyuma ya mahindi, nikafunga kikoi, nikaigeuza suti. Buluu ilitoka safi kabisa, na moyo ukatulia. Tukabisha hodi.

Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi yenyewe. Wanawake walitukimbilia kutupokea mizigo, kama ilivyo heshima, na kabla sijafungua mdomo ndoo ya asali ilikuwa imeshaingia ndani, jora limeingia, cherehani imeingia. Mama yake Kabula alimpokea jogoo akamshukuru Mungu. Nikasikia sauti ya mwanamke inasema ndani, "Wabeja sana, asanteni! Hawa ndio watu! Wamemletea mpaka cherehani!"

Walidhani ni zawadi za posa.

Tulipoketishwa sebuleni nilimtazama Mzee Maganga. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda chake.

"Nyamaza, mtani," alininong'oneza. "Posa inakwenda vizuri sana."

Ilikuwa inakwenda vizuri kweli. Mzee Shija, mtu mrefu asiye na maneno, alinipa kiti kizuri na kuniuliza habari za Morogoro kwa upole. Nikisema ukweli, mpwa wangu hana mke. Nisiposema, kwaya ya Igunga haina sare, na fundi mwenzangu hana cherehani. Mama yake Kabula akatoka chumbani na lile jora, amelikunjua, akawaita wenzake: leteni mkasi tugawane. Uani mtu alikuwa anamfukuza jogoo, kisu mkononi.

Nyanya yake Kabula, Bibi Mbuke, alikuwa amekaa pembeni ananikodolea macho toka nilipoingia. Aliinuka taratibu, akanishika ukosi wa koti, akaupindua. Kaki ikaonekana, na tope lake.

"Heh! Mtani, koti lako lina nyuso mbili," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Na wewe mwenyewe unazo ngapi?"

Wakati huo huo mkasi ukafunguka. Kitambaa kinakatwa bila kupimwa! Sijui ni dhamiri au ni ufundi, nilijikuta nimesimama napiga kelele.

"Msikate! Na huyo jogoo mwacheni! Hivi vitu si vyangu. Ni vya watu wa Igunga. Nimepewa nivifikishe tu."

Mkasi ukasimama, jogoo akaendelea kupiga kelele. Mama yake Kabula alianza kulikunja jora polepole bila kunitazama, na aibu niliyoiona usoni pake iliniuma kuliko mgongo. Mzee Maganga alifungua mwavuli humo humo ndani ya nyumba akajifunika nao.

"Watu wa Igunga ni ndugu zako?" Mzee Shija aliuliza mwishowe.

"Hapana, mzee."

"Unawajua?"

"Hata mmoja sijamwona."

"Na umevibeba kwenye hili tope, kwa miguu?"

"Kichwani, mzee. Walisema wanaona sina mzigo."

Mabega ya Mzee Shija yakaanza kutikisika, na mtu yule asiye na maneno akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Bibi Mbuke alikuwa amekaa chini kabisa.

"Yule wa kwanza," Mzee Shija alisema alipopata pumzi, "alikuja na gari, akaniambia kila kilichomo ni chake."

"Na cha kwako wewe ni kipi?" Bibi Mbuke aliuliza.

Nikafungua kibegi, nikatoa kipakiti. Nilimwambia hiki ni chetu, kimetoka shambani kwa mama yake Titus, na kwamba alinipa kiroba kizima nikakificha nyuma ya mlango. Alinusa iliki, akanusa tena, akampa mkwewe, mama yake Kabula, naye akanusa. Halafu akaninyang'anya kibegi chote, sabuni, mswaki na rozari humo humo, akakisukuma chini ya kitanda chake.

"Hiki hakitoki hapa," alisema. "Atakifuata huyu mwenyewe, aje na hicho kiroba, ndipo tuzungumze ng'ombe. Na hatumfungashii kitu, mtani huyu. Apumzike."

Nikataka kudai angalau mswaki. Mzee Maganga alinikanyaga mguu.

Igunga, kesho yake, nilifikisha ndoo, jora, cherehani na jogoo, kila kimoja kwa mwenyewe. Fundi wa pale aliigeuza suti yangu mara kadhaa akaniuliza vifungo nimevipangaje, na hilo lilinifariji kidogo. Nikapanda basi la Dodoma, na kutoka Dodoma treni ya umeme, sina hata leso. Sijawahi kusafiri mwepesi namna ile maishani mwangu, na njia nzima mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Nilijifunza kwamba ukienda kwa watu bila mzigo wako, watu watakupa wa kwao, na ni haki yao.

Morogoro, Dada Koleta alikuwa ananisubiri nje ya stesheni, ametoka sokoni na tenga la nyanya. Alinitazama mikono, akanitazama mgongo, uso ukambadilika.

"Kibegi kiko wapi?"

"Kimebaki Choma."

"Umekisahau?"

"Wamekishika. Kiko chini ya kitanda cha bibi yake Kabula."

Dada yangu alipiga kigelegele mpaka abiria wote wakageuka. Alinikumbatia, akalia kidogo, akajifuta kwa khanga, akaniambia magimbi yangu nyuma ya mlango yameshaanza kuota, atachimba mengine. Kisha akainama, akainua lile tenga, akanitwisha kichwani.

"Twende," alisema. "Naona huna mzigo."