Fundo la Mchele Nililoingia Nalo Dukani

Kama Jumamosi moja ulikuwa Pinetown, huku Afrika Kusini, kwenye lile duka kubwa la jumla ambalo huingii bila kadi, na ukamwona mama mmoja amepiga magoti katikati ya mchele uliomwagika huku walinzi wawili wamemsimamia, basi ni mimi, usihangaike kuuliza. Nimekaa na aibu hiyo miezi mingi, nasuka watu saluni huku naomba asiingie mteja aliyekuwepo siku ile, na nimeona heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu atakayeitia chumvi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua kiberiti nahesabu njiti, nikiuziwa mayai nayatikisa sikioni, na mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, mimi hufumba moja (la pili linaangalia mkoba). Mama yangu kule Uvira, Kongo, alikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo msinilaumu peke yangu.

Sisi akina mama watano wa kanisa moja, hapa Queensburgh, tuna utaratibu wetu. Kila mwisho wa mwezi tunachanga, tunanunua gunia la mchele na dumu la mafuta, halafu tunagawana kwa kikombe. Kadi ya duka ni ya Mama Sifa, kwa sababu ndiye peke yake mwenye kiduka kilichoandikishwa, na kiduka hicho ndicho kinacholisha watoto wake wanne tangu afiwe na mumewe. Bila ile kadi hana pa kupata bidhaa za kuuza. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akienda kununua, na yeye ndiye aliyekuwa akigawa.

Sasa mwezi mmoja nikapika wali ukatoka bokoboko, nikajiambia, huu si mchele tuliokubaliana. Nikautazama mkononi, nikaona vipande vipande (leo nakubali kwamba niliongeza maji mengi, lakini siku ile ungeniambia nisingekusikia). Nikaanza kuunganisha mambo: kwa nini gunia tunalikuta limeshafunguliwa, kwa nini anagawia nyumbani kwake na si kanisani, mbona kiduka chake hakikosi mchele wa kupima? Kufika Ijumaa nilikuwa na hakika kabisa kwamba ule mzuri anabaki nao auze, sisi anatupa makapi.

Mtu mwenye akili zake angemuuliza. Mimi nikampigia simu nikamwambia kwa sauti ya asali, "Dada, mwezi huu twende wote, nikusaidie kuchagua." Akafurahi kweli, masikini. Na kabla sijatoka nyumbani nikachota konzi moja ya ule mchele wangu kutoka kwenye ndoo, nikaufunga kwenye pindo la kitenge kama mama zetu wanavyofunga pesa, nikachomeka kiunoni. Mpango wangu ulikuwa nikifika dukani niulinganishe na wa kwenye gunia, punje kwa punje, nimkamate.

Ndani ya duka kila kitu nilikitilia shaka. Dumu la mafuta niliona limebonyea ubavuni, lazima kuna mtu amelifungua. Samaki wa kopo waliandikiwa bei ya kushuka, nikamwambia Mama Sifa hakuna anayeshusha bei bure, hao wamekaribia kuharibika.

"Eh Mama Furaha, tarehe iko hapa, soma."

"Tarehe nayo inaandikwa na watu," nikamjibu.

Alicheka. Tulipofika kwenye mchele, mifuko imepangwa mpaka juu ya kichwa, aina sita au saba, nikamuuliza haraka huwa anatununulia upi. Hakusita hata kidogo, akagusa ule wa mfuko wa kijani. "Lakini leo chagua weye, dada. Mimi naenda kuangalia sabuni." Akaondoka na toroli.

Nikabaki peke yangu na mfuko wa kijani. Kwetu sokoni, hununui mchele uliofungwa. Muuzaji anachoma gunia kwa chuma chake, punje zinashuka kiganjani, unazitazama, unatafuna mbili tatu, ndipo mnaanza kuzungumza. Hapa hakuna muuzaji wala chuma, lakini kichwani nilikuwa na chanuo langu la kazi, lile lenye mkia mwembamba wa chuma. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikachoma. Nilitaka punje kumi tu jamani. Lakini mfuko ule ulikuwa umekandamizwa na mingine mitatu juu yake, nilipochomoa chanuo pakachanika, *chaa*, mchele ukaanza kumwagika kama maji ya bomba.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi (na hapa ndipo huwa nafunika uso nikikumbuka) nikapiga magoti, nikavua kitenge, namshukuru Mungu ndani nilivaa sketi, nikakitandaza kuukinga mchele usianguke chini. Kwa hiyo mlinzi alipotokea, alichoona ni mama anajaza mchele kwenye kitenge.

"Hawu, mama! Hawu!" akashangaa kwa Kizulu.

Akaita mwenzake kwa redio. Huyo wa pili akaliona fundo, akaninyooshea kidole nilifungue, nikalifungua, na ndani kuna nini? Mchele. Watu wakasimamisha matoroli yao. Kuna dada mmoja alitoa simu, akaanza kurekodi.

Meneja akaja, mzee wa Kihindi mwenye miwani, na nyuma yake Mama Sifa anakimbia. Kiingereza changu ni cha saluni, kuosha na kukausha, kwa hiyo mkalimani akawa nani? Akawa yeye. Meneja alishachukua ile kadi mkononi, akasema jambo moja fupi, Mama Sifa akanigeukia amebadilika rangi.

"Anasema mtu akileta mwizi, kadi yake wanaikata. Banauliza ile mchele ya kwenye fundo imetoka wapi."

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani? Umeileta huku juu ya nini?"

Nilitafuta uongo nikakosa, na ile kadi bado iko kwenye vidole vya yule mzee. Nikasema nikiangalia chini, "Ni ule ulionigawia. Nilitaka kuulinganisha. Nilifikiri unatubadilishia."

Hakupiga kelele. Alirekebisha kilemba chake taratibu, akamgeukia meneja, akazungumza kwa utulivu, na hata mimi wa Kiingereza cha saluni nilielewa: huyu ni dada yangu, amekuja na mfano wa mchele wetu ili tusikosee tuchukue uleule. Yaani alinisitiri, na maneno yangu yalikuwa bado ya moto masikioni mwake.

Meneja akaweka punje za fundo na punje za mfuko juu ya karatasi. Zilifanana kabisa, hata mimi na upofu wangu niliona. Kwa hiyo ushahidi uleule uliomsafisha Mama Sifa ukanichafua mimi, maana mlinzi alisema si mnaona, umetoka humu humu. Ndipo Mama Sifa akainama, akapekua lile fundo kwa kidole, akatoa pilipili moja kavu, nyekundu. Sisi tunaiweka kwenye ndoo ya mchele kufukuza fukusi. Akamwonyesha meneja, na yule mzee akaitazama, akacheka, akasema bibi yake alikuwa akifanya hivyo hivyo. Kadi ikarudi. Mfuko uliochanika tukauchukua sisi, umezungushiwa selotepu, na huo ndio ukawa uchaguzi wangu.

Kwenye gari lake, tulisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Akasema, "Kuanzia leo utagawa weye." Nikamwomba msamaha nikilia. Akajibu, "Mambo ya mchele tumemaliza, Mama Furaha." Tangu siku ile hajaniita dada tena, na hilo linaniuma kuliko ile video.

Kwa hiyo sasa mgawaji ni mimi. Unazungusha kikombe kwenye mabeseni manne ya wenzako, lako la mwisho, na ndipo nikajua: mchele haufiki. Kila mwezi beseni la mwisho linapungukiwa vikombe viwili au vitatu, na miaka miwili yote beseni hilo lilikuwa la mjane mwenye watoto wanne, wala hakuwahi kutuambia. Nimeapa, nikimshuku mtu tena nitamuuliza kwa mdomo wangu, hata kama ulimi utakauka.

Wiki iliyopita mume wangu (sijawahi kumwambia habari hizi) alifunua ndoo ya mchele, akaona umepungua, akatikisa kichwa. "Huyo mama anayewagawia mchele," akasema, "mchunguze vizuri. Anawaibia."