Zaitun na Vyumba vya Rangi Sita

Zaitun wa Nyamwage, yule mwenye steshenari pale barabarani, kwenye fremu ya duka anayopangisha Bi Fatu, hesabu ya fomu foo alipata F. Wala hafichi. Ukimuuliza anakujibu, "F, tena nzito," huku anakutolea kopi yako.

Sasa sikia. Huyo huyo mwenye F ndiye anashinda na simu ya kioo kilichopasuka, anaandika programu za kuchora namba! Kajifundisha mwenyewe kwa video, bando likikata anasubiri. Anachukua jedwali la kuzidisha, kila jibu analigawa kwa saba, baki yake anaipa rangi. Ikibaki moja nyekundu, mbili njano, hivyo hivyo mpaka sita, zambarau. Akigawa kwa mia na moja, we! Kioo kizima kinajaa mawimbi na maua ambayo hakuna mtu kayachora. Ule mchoro wa kugawa kwa saba, vyumba sita kwa sita, akauprinti, akaubandika ukutani juu ya mashine ya kopi.

Bi Fatu akauona.

"We Zaitun, nini hiyo?"

"Hesabu, bibi."

"Hesabu gani ina vyumba vyumba? Hiyo talasimu, mambo ya uchawi! Nyumba yangu haiwekwi talasimu. Mpaka Ijumaa uitoe, la sivyo toka nayo."

Na fremu ile Zaitun aliisubiri miaka miwili. Wateja wakamwambia, toa bwana, karatasi tu hiyo.

"Kama karatasi tu, mbona inawatisha?"

Hakutoa.

Ijumaa baada ya sala, Bi Fatu huyo, kaja na kaka yake, Mwalimu Mtoro wa madrasa. Mtu mpole, vitabu kasoma. Talasimu anazozijua yeye zina vyumba vya namba, na ukijumlisha mstari wowote, wa kulala au wa kusimama, unapata jibu lile lile. Akauliza kila rangi ni namba gani, akatoa kalamu, akajumlisha. Mstari wa kwanza, ishirini na moja. Wa pili, ishirini na moja. Wa kusimama, ishirini na moja.

"Si nilisema!" Bi Fatu huyo, mikono kiunoni.

Mwalimu akavua miwani. "Binti, mbona inakuja sawa kila upande?"

Hapo mwingine angekana. Zaitun akacheka.

"Inakuja kweli, mwalimu. Mi mwenyewe sikujua mpaka umejumlisha wewe, ahsante. Ila sikuipanga mimi. Bibi, kaa hapa."

"Nikae nifanye nini?"

"Uroge na wewe. Taja namba, moja mpaka sita."

"Mwana mbaya huyu! Haya, tatu."

Zaitun akampa karatasi na kalamu za rangi. "Chumba cha kwanza, paka rangi ya tatu. Ongeza tatu."

"Sita."

"Paka ya sita. Ongeza tatu tena."

"Tisa."

"Imepita saba. Toa saba."

"Mbili." Bi Fatu akapaka njano. Kutoka hapo hakuambiwa tena, vidole vyenyewe vinahesabu. Tano. Moja. Nne. Akaongeza tatu, ikawa saba, akatoa saba, hamna kitu.

"Mstari umeisha," Zaitun akasema.

Rangi zote sita zimo, hakuna iliyojirudia. Zaitun akaisogeza karatasi ukutani, chini ya mstari wa tatu. Sawa sawia.

"Nani kakupangia, bibi?"

"Anipangie nani? Nimehesabu mwenyewe!"

"Basi kama talasimu, umeiandika wewe. Ijumaa, mbele ya mwalimu."

Mwalimu Mtoro alicheka mpaka akapaliwa. Bi Fatu hakucheka. Akatazama karatasi yake, akatazama ukuta, akarudi kwenye karatasi yake.

"Toa hiyo yako. Bandika hii yangu."

"Sitoi, bibi. Yako naibandika pembeni yake. Ila huo mstari mmoja tu, bado mitano."

Bi Fatu akavuta kiti karibu.

"Lete kalamu. Sasa naongeza nne nne."